Chafya Nyuma ya Maporomoko

Haya yalimpata wifi yangu Chepkirui, mke wa kaka yangu Kipkurui, na sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwa nyuma yake siku nzima nikimbebea begi. Ilikuwa Jumamosi nzuri, majani ya chai yaking'aa kwa umande, na kikundi chetu cha matembezi kiliacha barabara ya Kabianga kikaingia msituni kwa vicheko. Kiongozi wetu alikuwa Kiarie, muuza viatu wa mjini, mtu asiyeweza kuona kilima bila kutaka kukipanda. Alikuja na mkewe Wanjuhi, ambaye sauti yake pekee inatosha kuwa kwaya.

Chepkirui alikuwa na mimba changa, na ni mimi na kaka tu tuliojua. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Safari hii alikataa hata kununua soksi za mtoto. Daktari alimwambia kutembea hakuna ubaya, basi akaja, na kila alipojikwaa kwenye mzizi mimi ndiye niliyeshtuka.

Tulifika maporomokoni mchana. Maji yaliteremka juu ya jabali jeusi, na ng'ambo kulikuwa na ukuta wa mawe unaorudisha sauti. Watu wakaanza kuita majina yao, ukuta ukiwarudishia. Chepkirui akaweka kiganja tumboni, akaita jina la kogo, yaani nyanya yetu, aliyekufa.

"Kogo Taplelei."

Nilijua anachofanya, na nilikasirika. Sisi ni watu wa kanisa, lakini kwetu Wakipsigis mtoto akizaliwa akina mama bado humwitia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina atakalolipigia chafya, mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Lakini hilo hufanyiwa nyumbani, mtoto akiwa ameshatoka, na wanaoita ni wazee. Halifanyiwi mzaha msituni. Nilimwambia aache. Akasema anataka tu kujua kama huyu atakaa.

Ukuta ulirudisha jina la nyanya, basi.

Kando yetu Wanjuhi alikuwa amepata msalaba wa mbao uliooza, umezama kwenye majani. Yeye hakujua lolote la mila zetu. Alisoma herufi zilizobaki, akaziita kwa sauti ile ya kwaya.

"Marcella!"

Ukuta haukurudisha kitu.

Kisha mtu akapiga chafya. Ndogo. Kavu. Ilitoka nyuma ya maji.

"Nani huyo?" Wanjuhi akanong'ona.

Tulitazamana. Wote tulikuwa upande huu. Nyuma ya yale maji ni mwamba mtupu. Kiarie, kwa sauti ya chini, alisema Marcella alikuwa mchumaji wa chai, mgeni kutoka Kisii, aliyeteleza hapo miaka mingi nyuma akinawa baada ya kazi. Mwili haukuonekana. Wenzake wakasimika msalaba wakarudi kuchuma.

Chepkirui alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Dorine," akaniambia. "Amecheza."

Mimba ya miezi mitatu haichezi. Nilimwambia ni gesi.

Tulianza kurudi. Mvua ilitukuta njiani. Chepkirui alitembea mbele yangu ameinama, mikono mabegani, kama aliyebeba kikapu cha chai kilichojaa. Vidole vyake vilishika kamba. Hakukuwa na kamba. Begi lake nilikuwa nalo mimi.

Nilimwita. Hakugeuka mpaka tulipotoka msituni.

Mimba ilikaa. Msichana alizaliwa kwa wakati wake, mzima, ngumi zimefungwa. Lakini alikataa titi. Hospitalini alinyweshwa kwa kikombe, tukaruhusiwa. Kufika nyumbani akakataa hata hicho. Kufikia jioni midomo ilikuwa imekauka na kilio kimeisha. Kipkurui alitoka mbio kutafuta gari la kuturudisha hospitali. Mama yangu akasema, gari likija litatukuta tumemaliza, na yeye na shangazi zangu wakaanza kuita majina.

Waliita Taplelei. Waliita ukoo mzima, wakaita hata waliosahaulika. Wakamwekea ugoro kidogo puani. Mtoto alitutazama tu, macho wazi, pumzi ikipungua.

Chepkirui aliniangalia. Nikatikisa kichwa. Nilitaka awe wetu na nilitaka aishi, na niliogopa sana kwa sababu nilijua tutapewa kimoja tu.

Yeye ndiye mama. Aliinama, akamwekea mdomo sikioni.

"Marcella."

Chafya. Ndogo. Kavu.

Mtoto akageuza uso, akalishika titi, akanyonya kwa pupa mpaka maziwa yakamwagika shingoni. Hakuna aliyepiga vigelegele.

"Huyu ni wa ukoo gani?" Mama akauliza.

Mtoto alikuwa ameshiba, na kwa mara ya kwanza ngumi zake zikafunguka. Ncha za dole gumba na kidole cha shahada, mikono yote miwili, zilikuwa nyeusi. Ulikuwa ule weusi wa utomvu wa chai, unaowaingia wachumaji baada ya miaka na usiosikia sabuni. Mama amechuma chai tangu usichana. Aliuleta mkono wake kando ya ule mdogo, akalinganisha, kisha akauficha wake chini ya leso.

Sasa Marcella anatambaa, na tunampenda. Weusi haujatoka.