Kahawa ya Pili

Siku ya tatu ya theluji, foleni ya mkate pale Agnone, mji wa milimani Italia, ilifika barabarani. Nicandro, dereva wa katapila la kusukuma theluji, aliingia na koti lake la rangi ya chungwa, akamkanyaga msichana mwenye kofia nyekundu ya sufu.

"Kaka, huo mguu nina kazi nao."

"Samahani, mrembo. Nimezoea kukanyaga theluji."

"Basi njoo ukanyage ya mlangoni kwetu. Naitwa Loreta."

Alikwenda. Wiki haikuisha, wakawa wanaitana mpenzi.

Jumanne asubuhi Nicandro alikuwa jikoni kwa Loreta, katapila likinguruma nje. Baba yake msichana, Mzee Pasquale, alikuwa chini ya mlima akingoja njia ifunguliwe, apande kupunguza theluji kwenye paa la banda la ng'ombe.

"Niache niende, baba yako ananisubiri."

"Kunywa kimoja tena, mpenzi. Nusu saa itaharibu nini?"

Akanywa. Njia ilipofunguka, walikuta paa limelala chini, na chini yake ng'ombe sita wamekufa.

Loreta alimwambia baba yake kwamba Nicandro alicheleweshwa na kusafisha barabara ya hospitali. Mzee akaamini. Tangu siku hiyo Loreta hakupokea simu, na Nicandro akajua amechukiwa. Siku ya nne akapokea.

"Unanichukia, Loreta?"

"Najichukia mimi. Kahawa nilimimina mimi."

"Na mimi nikainywa. Naenda kumwambia baba yako."

"Atakufukuza."

"Anifukuze."

Alimkuta mzee penye banda lililobomoka, akamweleza yote. Loreta akafika nyuma yake akihema, kofia mkononi.

"Nilimzuia mimi, baba. Halafu nikakudanganya."

Mzee aliegemea koleo lake.

"Juzi nilimpelekea mama yako divai, Nicandro. Nikamshukuru kwa kulea kijana mchapakazi."

Nicandro alitamani ardhi immeze. Mzee akachomeka koleo mbele yake.

"Ng'ombe wamebaki wawili, kwenye kile kibanda. Paa lao hilo."

Walipanda wote wawili, wakachota theluji mpaka viganja vikatoka malengelenge. Walipomaliza, mzee alirudi na chupa ya kahawa, akamimina vikombe viwili. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Kunyweni," alisema. "Sasa hakuna anayewasubiri."

Wakanywa huku wanalia.