Picha Kumi na Nane za Wamaza

Picha kumi na nane za wanafunzi wa kijiji cha Wamaza ziliharibika, na aliyeziharibu ni Sarah-Grâce. Bila picha hizo, wanafunzi hao wasingeandikishwa kufanya mtihani wa taifa.

Kila alasiri Sarah-Grâce humsaidia shangazi yake, Marcelline, anayechapa na kutuma barua za watu mjini Kasongo. Mtandao ni dhaifu, kwa hiyo kila faili hubanwa kwanza liwe dogo. Marcelline ana programu ya skrini nyeusi: unaandika amri, nayo inalibana faili kwa njia nne na kuonyesha kila njia imelipunguza kiasi gani.

Siku picha za Wamaza zilipoletwa kwenye flashi, msichana alikuwa peke yake. Njia tatu zilipunguza kidogo tu, ya nne ikapunguza sana. Akaichagua. Hakufungua hata picha moja kuitazama. Akatuma, kisha akafuta picha asilia ili flashi ipate nafasi ya nyimbo zake.

Kesho yake ofisi ya mtihani ilizikataa. Sura zilikuwa madoa matupu.

Marcelline akamwita Bulaimu, mwenye pikipiki aliyeleta flashi kutoka Wamaza.

"Bulaimu, uliangusha flashi mu maji!"

"Miye? Mama Marcelline, niliifunga mu nailoni mbili. Mvua ilinipiga miye, yenyewe ilifika kavu kuliko tajiri mu gari!"

"Usinichekeshe. Hautabeba tena kitu yangu."

Sarah-Grâce alijifanya anapanga karatasi. Bulaimu akachukua kofia yake, hacheki tena. Safari hizo ndizo zinazolisha watoto wake.

"Tantine, si yeye," msichana akamwambia shangazi yake. "Ni miye. Nilichagua ile inapunguza sana. Kisha nikafuta."

Marcelline alikaa kitini.

"Mutoto, ile programu inapima udogo tu, haiko na macho. Njia tatu zinarudisha kila kitu faili ikifunguliwa. Ya nne inatupa sehemu ya picha. Fungua, tazama, ndipo ufute. Na ukikosea, sema palepale. Umeniacha nimtukane mutu bure. Bulaimu, unisamehe."

"Nimesamehe. Lakini petroli ya kurudi Wamaza iko juu yako."

Huko Wamaza, mwalimu aliyezipiga picha kwa simu yake alikuwa amekwisha kuzifuta zote. Bulaimu alirudi huko siku ileile, katika matope. Wanafunzi kumi na saba walipigwa picha upya, zikafika siku ya mwisho ya kuandikisha. Wa kumi na nane, Mahamudu, alikuwa amemfuata kaka yake kwenye machimbo ya Lusangi. Hakupatikana. Atangoja mwaka mzima ndipo afanye mtihani.