Nguzo Isiyokaguliwa

Msiniulize kama naamini mambo haya. Mimi ni fundi, nimeshika mwiko miaka ishirini na sita, na mwaka ule nilikuwa nimechoka mpaka uchovu wenyewe ukawa unanionea huruma.

Nilikuwa najenga nyumba ya dada yangu. Shemeji alikuwa amefariki, na dada na watoto wake wanne walijibana kwenye chumba changu cha uani. Kitinda mimba, binti wa miaka mitano, alilala miguuni pa mama yake. Kila asubuhi aliniuliza, "Mjomba, nyumba imeisha?"

"Bado kidogo," nilimjibu. Hiyo bado kidogo ilikuwa na mwaka wa pili.

Injinia wetu alikuwa mama mmoja mkimya, nyundo yake ndogo haikosi mkobani. Sharti lake lilikuwa moja tu: zege lisimwagwe kwenye nguzo kabla yeye hajachungulia ndani ya mbao na kuziona nondo kwa macho yake. Nguzo kumi na moja tulimngoja. Ya kumi na mbili, ile ya kona ya sebule, akachelewa. Saa tano ikapita, saa saba ikapita, zege linaanza kukaza, vibarua wamenuna. Nikasema mwageni, twendeni nyumbani. Hata mimi sikuchungulia.

Tulipokwisha kubandua mbao, injinia akaja asubuhi kugonga nguzo moja moja, sikio kalitega. Zote zikalia vizuri. Alipofika ile ya kona akagonga mara mbili, akatulia.

Nguzo ikagonga mara mbili.

"Nani yuko huko nyuma?"

Hapakuwa na mtu. Vibarua wote walikuwa barabarani wanashusha mchanga, nawaona.

Akagonga mara tatu. Zikarudi tatu. Taratibu, kutoka chini, usawa wa goti.

"Fundi," akanong'ona. "Hii niliikagua?"

"Hapana, mama. Nisamehe."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikaa juu ya tofali, akajifuta uso, akasema, "Ivunje." Nikamfikiria dada yangu, miezi mingine kwenye kile chumba, nikataka kulia, mtu mzima mimi.

Tindo nilishika mwenyewe. Bahati juu yake hapakuwa na kitu bado. Nikapiga mpaka zege likatoboka, injinia akamulika kwa simu.

Ndani kulikuwa na uwazi. Zege lisiposhindiliwa huacha mapengo, hilo nalijua, lakini yanakuwa na kokoto zilizochomoza. Hili lilikuwa laini. Umbo la goti lililokunjwa. Bega. Kichwa kilichoinama. Mtoto mdogo angeenea. Na kwenye kuta zake, mikwaruzo. Ya kucha. Mingi. Hapakuwa na kitu kingine mle, hata uzi.

"Watoto wa dada yako wako wapi?" injinia akauliza.

Nilikimbia. Sijui niliwapita wangapi njiani. Nikafika uani, nikawakuta wamekaa mkekani wanakunywa uji. Nikawahesabu. Wanne. Nikawahesabu tena. Wanne.

"We kaka, una nini? Mbona unahema hivyo?"

"Huyu mdogo alitoka leo?"

"Atoke aende wapi? Ana homa, siku ya tatu hajavuka kizingiti."

Nikachuchumaa, nikamshika mtoto mikono. Vidole vilikuwa vya baridi. Chini ya kila ukucha kulikuwa na saruji, imekauka, ngumu. Hakuniuliza habari za nyumba, na hajaniuliza tena tangu siku ile.

Tuliisimamisha nguzo upya. Injinia aliichungulia mara tatu, nami nikachungulia nyuma yake. Nyumba iliisha, wamehamia, wana nafasi ya kutosha. Dada yangu humkata mtoto kucha kila Jumamosi, na zikiota, zinaota na saruji. Tumeshazoea, kama mtu anavyozoea kukohoa.

Ila Jumamosi iliyopita aliniita jikoni, akafunga mlango, akanionyesha kile alichokitoa kwenye kucha.

Saruji ilikuwa bado mbichi.