Mke Wangu Aliniombea Ushindi Mlimani, Kura Yake Sikuipata

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mkulima wa chai na ndizi katika kijiji kimoja juu ya mji wa Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Nina mke na watoto wanne. Kijiji changu sitakitaja, maana watu ninaowaandika hapa bado nakutana nao dukani. Tunasalimiana na kuulizana habari za mvua kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wasomaji wenzangu, nimesoma mikasa mingi ya wanaume waliosalitiwa na wake zao, na kila mara nilijiambia kwamba mimi hayo hayawezi kunikuta. Mke wangu, mama Lusajo, ni mlokole. Hanywi, hazururi, kilabu cha pombe anakipita akiwa ameangalia upande wa pili. Mwanamke wa namna hiyo atakusaliti na nani?

Basi, alinisaliti! Na alifanya hivyo akiwa amepiga magoti, analia, akimtajia Mungu jina langu.

Nianze na bonde. Chini ya kijiji chetu kuna bonde lenye chemchemi isiyokauka hata kiangazi kikali. Ardhi ile ni ya kijiji, na tangu zamani wazee waliwagawia wajane vipande vya kulima. Mama yangu mzazi alipewa chake baba alipofariki. Pale ndipo alipotoa magimbi, maharage na mahindi ya kiangazi yaliyonikuza mimi na wadogo zangu. Hata uzeeni, akiwa na mgongo uliopinda, kila asubuhi alishuka bondeni na jembe lake. Ukimwambia apumzike, anakuuliza kama unataka afe.

Halafu yakaja maparachichi. Kila mwenye pesa akawa anatafuta ardhi yenye maji ili apande miche ya kuuza nje ya nchi. Akajitokeza mwekezaji, akalipenda bonde letu. Wa kumpigia debe alikuwa mfanyabiashara mmoja wa ndizi pale kijijini, tunamwita Mzee wa Fuso kwa sababu ya lori lake linalobeba ndizi kutoka Kiwira. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipokaribia, Mzee wa Fuso akachukua fomu ya uenyekiti wa kijiji. Hakuna aliyejiuliza anautaka wa nini.

Nami nikachukua. Sikuwa na hamu ya cheo, nawaambia ukweli. Mimi hata kuongoza kikao cha harusi kunanitoa jasho. Nilisimama kwa sababu mama yangu aliniita jikoni kwake, akaniambia kwa sauti ndogo, "Gwe mwanangu, wakichukua lile bonde, mimi nitakuwa nakula kwa kuomba kwa wake za watu." Mimi ni nani niyasikie maneno hayo na kukaa kimya?

Kampeni ilikwenda vizuri. Sikuwa na lori wala fulana za kugawa, nilikuwa na miguu yangu na hilo bonde. Nilipita nyumba kwa nyumba na ujumbe mmoja tu: nikiingia, bonde halitoki. Mtaji wangu mkubwa ulikuwa wale wajane wenyewe na wanawake wanaolima pamoja nao. Na karibu wote, kama mke wangu, walisali katika kanisa la maombezi lililokuwa limeanzishwa kijijini na mchungaji mmoja aliyetoka mjini Mbeya.

Mimi nimebaki katika kanisa la wazazi wangu, lile la kengele na kitabu cha nyimbo. Nilikuwa nikimtania mke wangu kwamba Mungu wao ana matatizo ya masikio, ndiyo maana wanatumia spika. Alikuwa anacheka. Sijawahi kumzuia kwenda kusali, kwa sababu tangu aokoke nyumba yangu ilikuwa na amani, na alfajiri nilikuwa nikiamshwa na sauti yake akituombea mmoja mmoja kwa majina.

Mwanzoni mchungaji yule alikuwa akifundisha kwamba siasa ni uchafu wa dunia, mtu aliyeokoka asijichanganye nao. Kampeni zilipoanza mafundisho yakabadilika. Akatangaza kwamba Mungu amemwonyesha mwenyekiti wa kijiji, naye ni mume wa mama Lusajo. Kanisa zima likapiga makofi! Mke wangu alirudi nyumbani siku hiyo uso unang'aa. Nami nikafurahi... mjinga mimi! Nikampelekea mchungaji mkungu wa ndizi kumshukuru.

Jioni ya kuamkia siku ya kura, mama Lusajo aliniaga kwamba wanakwenda mlimani kufunga na kuomba kwa ajili yangu. Kwenda mlimani si jambo geni kwetu. Walokole wengi hupanda Mlima Rungwe, wanakesha msituni, wanashuka kesho yake. Nilimuuliza kitu kimoja tu, kama watawahi kituoni. Akanijibu, "Baba Lusajo, wewe kapumzike. Mwaka huu Mungu mwenyewe ndiye anayefanya kampeni." Akanishika mkono kwa nguvu, akaondoka.

Nilipomuuliza la kituoni niliona ameitikia kwa kichwa, au labda nilitaka kuona hivyo.

Siku ya kura nilimshika mama mkono hadi shule ya msingi, akapiga yake. Nikakaa mbali kidogo na kituo kama tulivyoelekezwa, nikiangalia nani anakuja. Wanaume wa Mzee wa Fuso walikuja. Vijana wake wa kupakia ndizi walikuja na wake zao. Jua likapanda, nikawa natazama barabara ya kutoka mlimani. Mchana ukaingia. Nikampigia mke wangu simu, haipatikani. Nikawapigia wenzake, hazipatikani. Nikajipa moyo kwamba mtandao wa kule juu ni mbovu, labda tayari wako njiani...

Saa kumi jioni kituo kikafungwa. Hakuna hata mwanamke mmoja wa kanisa lile aliyekuwa ametokea.

Kura zikahesabiwa. Nilishindwa kwa kura chache kuliko idadi ya wanawake waliokuwa mlimani. Hesabu hiyo mtu yeyote aliyesimama pale angeweza kuifanya kichwani, na wengi waliifanya, kwa sababu walinigeukia wakanitazama. Mama yangu alikuwa amekaa kwenye msingi wa darasa, mikono mapajani. Nilimwinua tukaanza kutembea kurudi nyumbani, na vigelegele vya watu wa Mzee wa Fuso vikitufuata nyuma.

Sasa sikilizeni kilichoniumiza kuliko kushindwa.

Usiku ulikuwa umekwishaingia mama Lusajo alipofika. Alikuwa ana matope hadi magotini, midomo imekauka kwa kufunga, sauti imekwisha kabisa. Lakini alikuwa anatabasamu! Alisimama mlangoni akaniuliza, "Wamekutangaza saa ngapi?"

Mama yangu ndiye aliyemjibu, akiwa amekaa karibu na moto. "Hawakumtangaza, mwanangu. Wametangaza yule mwingine."

Mke wangu akacheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa. Akasema haiwezekani, Mungu ameapa. Ndipo nilipomuuliza kwa nini hakuja kupiga kura, na yeye, kwa moyo mweupe kabisa, akanieleza.

Mchungaji aliwahubiria habari za shujaa mmoja wa kale aliyeambiwa na Mungu apunguze jeshi lake kabla ya vita, ili ushindi usije ukahesabiwa kuwa wa watu. Akawaambia kwamba mimi nina kura nyingi mno, na kwa hiyo Mungu hatapata utukufu. Anayeshuka mlimani kwenda kupiga kura, atakuwa amesema kwamba mkono wake una nguvu kuliko mkono wa Bwana. Wabaki juu, wafunge, waombe mpaka jua lizame, nao watashuka wakute muujiza. Na wasiniambie mimi, kwa sababu naweza kutia shaka nikauharibu.

Wakakubali wote. Watu wazima, wenye akili zao, wanaojua kukwepa hila za wanunuzi wa ndizi! Walinipunguzia jeshi kwa upendo.

"Kwa hiyo hukunipigia kura," nikamwambia.

"Nilifanya zaidi ya hapo," akanijibu. Nikaona macho yake yanaanza kuelewa, na sikupenda kuyatazama.

Nilitaka kuamini kwamba mchungaji alikuwa amepotoka tu, kama mtu yeyote anavyoweza kupotoka. Lakini baada ya muda nilikuwa Kiwira nikipakia ndizi, nikamkuta dereva wa lile Fuso. Tukaongea habari za uchaguzi, akanipa pole, halafu akasema kama jambo la kawaida kwamba ni yeye aliyewapeleka akina mama hadi chini ya mlima. Bosi wake na mchungaji walimwambia asiwafuate kabla jua halijazama. Alidhani najua. Alipoona ninavyomtazama, akaanza kukaza kamba za mzigo ambazo tayari zilikuwa zimekazwa.

Niliporudi nikamweleza mke wangu. Hakubisha. Aliniambia wao waliambiwa kwamba Mungu amemgusa hata mpinzani wangu mpaka akatoa gari, na walipanda lile lori wakiimba.

Mwekezaji hakukawia. Halmashauri mpya ya kijiji ilikaa, mkutano ukaitwa, na waliozoea kunyoosha mikono wakanyoosha. Tulipinga sisi wachache, tukaenda hadi ofisi za wilaya, tukaambiwa tuandike, tukaandika. Zikaja nguzo na seng'enge. Mahindi ya mama yangu yalikuwa yamefika kiunoni yalipofyekwa. Na pembeni ya bonde, mahali palipo tambarare, palipimwa kiwanja kizuri. Kikatolewa kwa kanisa la maombezi, nalo likaanza kujengwa.

Hapo hata aliyekuwa mgumu wa kuelewa alielewa.

Mama aliendelea kushuka kila asubuhi. Alikuwa anasimama kwenye seng'enge na jembe lake, anatazama vibarua wa mwekezaji wakipanda miche, kisha anapanda kurudi. Nilimkatia kipande kwenye shamba langu la migomba, akanishukuru, "Ndaga, mwanangu," lakini hakukigusa. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimfuata bondeni kumshika mkono. Sijui walizungumza nini njiani. Nakumbuka siku moja nilimkuta mama Lusajo amemlalia mama magotini akilia, na mama anampapasa kichwa akimwambia, "Basi, basi. Uliomba kwa nia njema." Mimi mwenyewe nilikuwa sijaweza kumwambia maneno hayo.

Masika yaliyofuata mama alishikwa na kifua. Tulimpeleka hospitali, akarudi, akazidiwa tena, akafariki. Madaktari walisema ni nimonia na uzee. Mimi nina maelezo yangu, lakini hayawezi kuandikwa kwenye cheti.

Siku ya mazishi mchungaji alikuja. Naam, alikuja! Alishika mwavuli, Mzee wa Fuso akiwa nyuma yake, na akaomba apewe nafasi ya kumwombea marehemu. Nilisimama, na sijui ningefanya nini. Lakini mke wangu alikuwa ameshamfikia. Alimwambia mbele ya waombolezaji wote, bila kupaza sauti, "Mchungaji, kanisa lako umelijenga kwenye bonde la huyu tunayemzika. Sala yako imetosha."

Mchungaji na Mzee wa Fuso wakaondoka, na wanawake wawili watatu wa kanisani kwake wakainuka wakawafuata. Wapo bado wanaosali pale. Jumapili spika zao zinasikika hadi kaburini kwa mama.

Mngetegemea niseme kwamba tangu siku ile mimi na mke wangu tulipatana. Nilimsamehe, ndiyo, nilimwambia, na nilikuwa namaanisha. Yeye ndiye hajajisamehe. Tangu mazishi yale hajasali. Si kanisani kwao, si kwangu, si hata kabla ya kula. Watoto wakimwomba awaombee kabla ya mtihani, anasema ana kazi jikoni. Alfajiri naamka, namkuta amekaa kitandani macho wazi, amenyamaza.

Uchaguzi mwingine ulipokuja nilimwambia twende tukapige kura pamoja. Akaniambia, "Nenda wewe, baba Lusajo. Mimi nikigusa karatasi ile namwona mama yako. Na nikifumba macho niombe, namwona mama yako yule yule." Nikaenda peke yangu.

Ndugu zangu mliookoka, siwaambii mwache kuomba. Ombeni, fungeni, pandeni mlima mkitaka. Lakini mtu yeyote, hata akiwa na mafuta ya upako mpaka viwikoni, akikwambia kwamba imani yako itaonekana kwa kuiacha kura yako, muulize nani atafurahi usipofika kituoni. Ukipata jibu, nenda kapige kura na njaa yako ya mfungo, kisha urudi uendelee kuomba. Mungu hatakuwa amehama.

Nanyi wachungaji mnaowauza kondoo wenu kwa watu wenye malori, mimi sina uwezo wa kuwafanya chochote. Nilipoteza uchaguzi, nikapoteza bonde, nikamzika mama yangu. Hayo nimeyabeba. Ninachoshindwa kubeba ni ule ukimya wa alfajiri, chumbani kwangu. Kama yupo msomaji aliyewahi kumrudisha mtu kwenye sala zake, naomba anieleze alianzia wapi.