Aliyekanyaga Breki

Watu wa Mkuze watakuambia gari bovu ni lile lisilowaka. Waongo. Gari bovu hasa ni lile linalokwenda vizuri siku zote, isipokuwa pale unapolihitaji. Dumezweni Mchunu alilijua hilo kabla hata hajaanza kuogopa.

Sedani yake kuukuu aliinunua kwa mtu wa upande wa Hluhluwe kwa sababu moja tu: ilikuwa na kruzi, kile kitufe ambacho ukikibonyeza gari linashika mwendo lenyewe nawe unapumzisha mguu. Mguu wake wa kulia uliharibikia machimboni. Akikanyaga mafuta kwa muda mrefu, unakufa ganzi hadi nyonga. Na kila Jumatatu na Alhamisi ilikuwa lazima mkewe, MaNtuli, afike Empangeni kwenye mashine ya kusafisha damu. Bila kruzi hakuna Empangeni, na bila Empangeni hakuna MaNtuli.

Kruzi ikaanza kuachia. Si kila safari, lakini ikiachia ni mahali pamoja, kwenye njia panda ya vumbi kabla ya Hluhluwe, mchana kweupe. Gari lilipunguza mwendo taratibu, na ndani kukanuka majani mabichi yaliyovunjwa.

"Mume wangu, umefunga breki?" MaNtuli aliuliza kutoka kiti cha nyuma alikojilaza.

"Sijagusa kitu."

"Mbona nimesukumwa mbele?"

Fundi Naicker alicheka mpaka akakohoa. "Mchunu, wewe na gari hili ni rika moja. Kuna siku linashika, kuna siku linaachia. Muulize mkeo, atakuambia."

Hata hivyo alifanya kazi. Alisafisha fyuzi, akabadilisha mpira wa upepo uliokuwa umepasuka, akafunga swichi mpya kwenye pedali ya breki. Akalijaribu mwenyewe hadi mto Msunduze na kurudi. Lilishika mwendo bila kosa. Alhamisi, MaNtuli akiwa nyuma, likaachia palepale.

"Kruzi haina akili nyingi," Naicker alisema, safari hii bila utani. "Ikisikia breki imekanyagwa, inaachia. Hii inaamini kuna mtu anakanyaga. Jumatatu nitawafuata na pikapu, niangalie taa."

Jumatatu akawafuata. Walipokaribia njia panda, Dumezweni aliukunja mguu wake mbovu akauweka juu ya kiti, mbali na pedali. Gari likapunguza mwendo. Nyuma yao Naicker akapiga honi mfululizo, wakasimama pembeni, naye akaja mbio.

"Taa za breki zimewaka," alinong'ona.

"Si ndivyo zinavyofanya, breki ikikanyagwa?"

"Nyaya za swichi nilizikata asubuhi, kaka, ili nijue mbivu na mbichi. Hizi hapa." Akazitoa mfukoni. "Usiniletee tena hili gari. Kamtafute aliyekuuzia."

Walikaa pale barabarani wakibishana kwa hofu mpaka zamu ya MaNtuli kwenye mashine ikapita. Alirudi nyumbani bila kusafishwa damu.

Aliyewauzia aliitwa Nkosikhona. Dumezweni akampigia simu, akamweleza.

"Linasimama kwenye njia panda ya vumbi? Hiyo ni njia ya kwetu," akasema. "Ni dada yangu, Ntombizonke. Aligongwa na lori Phongolo. Tulimfuata na gari hilo, kwa tawi la mlahlankosi."

Dumezweni hakuhitaji kuelezwa. Roho ya aliyefia njiani hupanda kwenye tawi la ule mti wa miiba, na aliyelishika haongei na mtu mwingine. Anaongea na marehemu tu: tunavuka mto, tunakata kona, na mwisho kabisa, tumefika, shuka.

"Shangazi ndiye aliyelishika," Nkosikhona aliendelea. "Simu yake ikalia, akapokea. Sisi tukajifanya hatujaona."

"Na mimi ukaniuzia!"

"Ningekuambia, ungenunua?"

MaNtuli aliyasikia yote. Alhamisi aliamka uso umevimba, pumzi fupi, na tawi amekwisha kulikata.

"Twende kwanza kwenye mashine, mke wangu."

"Mashine gani, na gari litasimama palepale? Anataka kushuka tu, maskini. Tumshushe, halafu twende tukiwa na amani."

Dumezweni akakubali. Maisha yake yote atajuta kukubali.

"Ntombizonke, tunaondoka," MaNtuli alianza. "Ntombizonke, tunavuka Msunduze." Sauti yake ilikuwa chovu lakini tulivu, na mumewe alishika usukani kimya, maana hata yeye haruhusiwi kumsemesha. Wakaingia njia ya vumbi. Harufu ya majani mabichi ikazidi hadi ikawasha koo, na sauti kule nyuma ikaendelea kutaja, sasa tunapita shule, sasa tunashuka kijito cha mawe, sasa kona ya kisima cha kina Mdletshe, na Dumezweni akaona shule inatokea baada ya kutajwa, na kijito baada ya kutajwa, na kisima baada ya kutajwa, akakumbuka kwamba MaNtuli hajawahi kufika huku tangu azaliwe, akataka kugeuka, akataka kumwita kwa jina, lakini alijua akimwita naye akiitika watakuwa wamemwacha yule mwingine njiani kwa mara ya pili, kwa hiyo akauma ulimi na kuendesha, huku ile sauti ikitaja kila mti wa nyumbani kwao kwa furaha.

Bibi yake Nkosikhona, aliyearifiwa kwa simu, alikuwa akiwasubiri uani. Alifungua mlango wa nyuma, akagusa mkono ulioshika tawi, akaurudisha wake upesi.

"Baba, huyu amekufa kitambo. Vidole vimekwisha kukaza."

"Alikuwa anaongea sasa hivi!"

"Mkeo alimwambia Ntombizonke ashuke?" bibi aliuliza kwa sauti ya chini.

Dumezweni alipiga magoti kwenye vumbi akalia kama mtoto. Neno la kushuka hakuwa amelisikia.

Gari la maiti likaubeba mwili alasiri. Lakini MaNtuli mwenyewe alifia njiani, na mume hawezi kumwacha mkewe njiani. Alikata tawi jingine, akalilaza kwenye kiti cha nyuma, na kwa kuwa hapakuwa na ndugu wa kulishika, aliamua kuongea naye mwenyewe. Kwenye lami alibonyeza kruzi. Ilishika vizuri, bila hata kusita.

"MaNtuli," alisema, machozi yakimdondokea kifuani, "tunavuka Msunduze sasa."

"Tunaona," wakamjibu kutoka nyuma, sauti mbili.