Kikombe cha Kwanza cha Mgeni

Jioni ile nilitoka kununua mkaa wa kuchemshia kahawa, nikarudi mbio. Sikutaka mgeni anikose.

Binti yangu Tirsit ana miaka saba. Hasemi, na hataki kuguswa. Mshike bega tu, mtaa wetu wote hapa Gondar, Ethiopia, utajua kwa mayowe yake. Lakini jioni, nikichoma ubani na kuchemsha kahawa, zar, pepo wa watu wetu, humjia. Hutulia tuli. Na ni hapo tu hunikumbatia. Miaka mitatu nilimmiminia pepo yule kikombe cha kwanza, tena kwa furaha.

Moshi ukapanda. Tirsit akaziba pua... akatulia tuli.

Macho mlangoni. Midomo ikaanza kutafuna, na mdomoni hamna kitu.

Tcha... tcha... tcha...

"Kaja," akanong'ona jirani yangu, bibi Workinesh. "Mshike mwanao, mjinga we, kabla hajaondoka."

Nikamshika. Mkono wake mdogo ukapanda mgongoni kwangu, ukang'ang'ania.

Kahawa ikafurika, ikazima makaa. Mgeni hakuondoka.

Midomo ikawa ya bluu.

Workinesh akawasha kiberiti, akakizima, akamwekea moshi puani, kama tunavyowafanyia walioanguka. Kimoja. Kingine. Boksi likakaribia kuisha. Nikamwita mwanangu mpaka sauti ikanikauka.

Kelele zikamleta Hiwot, mhudumu wa afya wa mtaa. Alimnyang'anya bibi kiberiti, akamlaza mtoto kwa ubavu, akatazama saa.

"Hali hii humpata mara ngapi, dada?"

"Karibu kila siku. Lakini haanguki, hatetemeki..."

"Si lazima aanguke. Hiki ni kifafa. Watoto wenye usonji kama yeye hukipata zaidi, nasi tunasema ndivyo walivyo."

Miaka mitatu mwanangu alikuwa akiumwa mikononi mwangu, na mimi nikishukuru.

Hospitali walikituliza kile kifafa, wakatupa vidonge. Mwezi sasa, hakuna kilichokuja. Tirsit anacheza na vifuniko vyake vya chupa, na nikimsogelea anapiga kelele.

"Ile mikono haikunishika kwa mapenzi?" nilimuuliza Hiwot.

"Wakati ule hajui lolote, dada. Hakuna mtu pale."

Hakuna mtu. Basi nani alikuwa akinikumbatia?

Kila jioni nampa kidonge chake. Na kila jioni nachelewa kidogo zaidi kumpa, nikiungoja ule mkono mgongoni.