Udongo wa Jokébed

Hadithi za namna hii kwa kawaida humpata jirani, au shemeji ya jirani. Hii ilinipata mimi. Ningekuwa na jirani wa kumtwika, ningemtwika bila haya.

Naitwa Solange, mwalimu wa shule ya msingi hapa Butembo. Kila siku saa kumi, nikishatoka shuleni na kuvua viatu, nilikuwa nachora picha moja kwa rangi ya maji katika daftari langu la kuchorea. Ukurasa mmoja, iwe mvua iwe jua. Siku ya mazishi ya shangazi nilichora. Siku risasi zilipolia mtaani nilichora nikiwa chini ya meza. Nilifika siku mia tatu na kumi bila kuruka hata moja, na nilijisifu mpaka walimu wenzangu wakanichoka.

Mdogo wangu Jokébed alikuwa ameolewa Beni, katika komuni ya Ruwenzori, akilima kakao na mumewe. Mwezi wa tatu alinipigia simu. Alikuwa anakohoa.

"Yaya, dada yangu, niko mugonjwa. Uye unione."

"Wiki ingine, mudogo wangu. Njia iko mubaya sasa."

Njia ilikuwa mbaya, ni kweli, lakini magari yalipita wiki ile yote. Ningeweza hata kubeba daftari. Ila nani achore mbele ya mgonjwa anayekohoa? Niliogopa kukosa ukurasa. Nasema wazi kwa sababu nimechoka kuficha.

Alikufa siku ya tano baada ya simu ile, wakamzika huko huko haraka. Kaka yetu Lusenge alirudi na mkebe wa maziwa ya unga, umejaa udongo wa kaburi. Katika ukoo wetu, mtu akizikwa mbali, udongo wa upande wa kichwa huletwa na kumwagwa juu ya kaburi la mama yake. Bila hivyo hajui pa kulala. Mama yetu amelala Kasugho.

"Solange, weye njo mukubwa," Lusenge alisema. "Vakansi ya masomo ikifika, umufikishe kwa mama."

Niliuweka mkebe mezani, kando ya brashi zangu. Wiki ya pili rangi yangu nyekundu ikaisha. Nyeusi naijua, natengeneza kwa makaa. Ya kahawia natumia kahawa. Nyekundu sikuwa na njia, na pale mezani udongo ulikuwa mwekundu wa kupendeza kabisa. Nikachukua nusu kijiko. Nikajiambia Jokébed angefurahi, alipenda picha zangu. Maneno ya kujitetea sikuyakosa.

Niliuchekecha, nikauchanganya na maji na gundi kidogo, nikachora bati la nyumba ya Godelive, jirani yangu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote za mwaka ule. Kesho yake nikachora nyanya za Rébecca wa sokoni. Kisha mlango wa darasa langu, la pili, shuleni kwetu. Nikaendelea hivyo, nusu kijiko kila siku, picha tisa.

Godelive alikuwa wa kwanza kuja.

"Mwalimu, kuko mutu anatembea juu ya mabati yangu. Saa kumi kamili. Nikitoka inje, hapana mutu."

Nilimcheka. Nikamwambia ni paka.

Jumamosi nilienda kununua nyanya. Rébecca alinivuta karibu, akashusha sauti.

"Kuko mama moja anasimama hapa mbele ya tomate, anakohoa. Aliniuliza njia ya kuenda Kasugho. Nikamuonyesha. Kesho yake anarudia, anauliza tena. Na tena."

"Anafanana namna gani?"

Akanitazama usoni.

"Anafanana na weye."

Nilirudisha nyanya kwenye fungu lake. Nilirudi nyumbani bila kuzinunua.

Jumatatu, watoto wa darasa la pili waligoma kuingia. Ilikuwa asubuhi, jua kali, na wamesimama uani kimya, watoto hamsini na zaidi. Kasichana kamoja, Ornella, kalinishika kidole.

"Mwalimu," kalinong'ona, "mama moja iko nyuma ya mulango. Anasema anatafuta mama yake."

Nilifungua mlango. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palinuka kakao iliyovundikwa, harufu ya mikono ya mdogo wangu.

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi, mbele ya wanafunzi wangu. Nilikuwa nimemtawanya. Kidogo kiko juu ya bati. Kidogo kiko katika nyanya. Kidogo kiko nyuma ya mlango. Kila kidogo kinauliza njia, na hakuna kinachoweza kufika.

Nilirudi nyumbani, nikachukua mkebe. Nikachana kurasa za udongo kwenye daftari, nikazikunja na kuzisindilia ndani juu ya udongo uliobaki. Nikapanda pikipiki hadi Kasugho, tope mpaka magotini. Nilichimba kwa mikono juu ya kaburi la mama, nikamwaga udongo, nikafukia kurasa. Nililia, nikaomba msamaha kwa sauti. Sikuuomba wote.

Butembo ikatulia. Godelive akasema bati limenyamaza. Rébecca hakumwona tena yule mama. Watoto wakaingia darasani wakipiga kelele zao.

Lakini kurasa nilizofukia zilikuwa nane.

Ya tisa ni sura yangu mwenyewe, niliyoichora nikijitazama kwenye kioo. Midomo tu ndiyo nyekundu, kwa udongo ule. Sijawahi kuchora kitu kizuri namna ile, wala sitachora tena. Niliificha chini ya nguo, ndani ya sanduku. Kila nikiitazama nasema kesho nitaipeleka. Ni miezi miwili sasa nasema kesho.

Alhamisi hii, saa kumi, nilikuwa nimejimiminia chai mezani. Simu ikalia. Lusenge, yuko Kasugho.

"Solange, batu ba hapa banasema kuko mwanamuke analia kwa kaburi ya mama. Muchana. Nilienda, nikasikia miye mwenyewe." Nilimsikia akisogea mbali na watu. "Lakini hapana maneno. Anataka kusema, inakatala. Sawa na mutu hana kinywa. Sasa nakuuliza, dada. Kuko kitu ulibakisha?"

Nilisimama dirishani, mgongo kwa meza.

"Hapana," nikamwambia.

Nikakata simu. Nikageuka. Chumbani nilikuwa peke yangu. Kikombe nilichokuwa bado sijakigusa kilikuwa kimebaki nusu. Kwenye ukingo wake palikuwa na alama ya midomo, nyekundu, yenye chembe za mchanga. Ilikuwa bado mbichi.